Siku za giza katika kitabu cha adhabu

Mwezi wa Agosti mama mmoja aliingia ofisini kwangu na ndoo tupu mkononi. Alikuwa anatoka kuuza dagaa, na alikataa kukaa kwa sababu, alisema, angeniachia harufu kwenye kiti. Akauliza akiwa amesimama: "Mwalimu, mwanangu kamkosea nini mwalimu wa Hesabu? Niambie nikamwombe radhi mie. Mtoto anasema shule basi."

Nilimjibu vile tunavyojibu sote, kwamba nitalifuatilia, na kwa kawaida jibu hilo maana yake ni kwamba nitasahau. Hili halikusahaulika kwa sababu ya lile neno la radhi. Mama mzima alikuwa tayari kuomba msamaha wa kosa asilolijua.

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule moja ya kata kusini mwa jiji la Tanga, upande wa barabara iendayo Pangani, pale mkonge unapokwisha na minazi kuanza. Ukisimama nyuma ya vyoo unaiona bahari. Majina siyataji, na alama moja mbili nimezibadilisha ili wahusika wasijulikane. Mwenyewe ni mtu wa Lushoto. Bahari naijua kwa kuitazama tu, na upungufu huo, kama mtakavyoona, ulinichelewesha.

Mwalimu wa Hesabu wanafunzi walimwita Pai. Walisema maneno yake hayaishi, kama zile tarakimu zinazofuata 3.14. Jina alilijua na sidhani kama lilimuudhi. Ni mwalimu hodari, na hilo naliweka mbele kabla sijaanza kumchambua. Andalio la somo analo kila siku, vipindi hakosi, na katika somo ambalo watahiniwa wengi nchini huanguka mtihani wa kidato cha nne, yeye hakosi kutoa watoto wa kufaulu kutoka kwenye madarasa yaliyojaa hadi mlangoni. Ana miaka 38. Hapendi soga za stafu, na hali dagaa. Chakula cha walimu tunachanga, na siku ya dagaa yeye huomba chai na kiazi. Nililiona hilo kwa miaka mitano nikidhani ni tumbo.

Kijana mwenyewe alikuwa kidato cha tatu, miaka 17, mrefu, mkimya, anakaa dawati la dirishani. Dawati hakulichagua. Pai ndiye aliyemhamishia huko mbele ya darasa zima, "ili upepo upite".

Nikaomba kukaa nyuma ya darasa hilo kwa vipindi vinne, kwa kisingizio cha ukaguzi wa ndani. Nilichokiona kingeweza kumpita mgeni, maana hakuna aliyepaza sauti. Kijana akiingia, Pai husema, "Nahodha amefika, tweka tanga," na darasa linacheka. Akikosa jibu, "Hayo baharini hawaulizi." Akipata, Pai hasemi kitu, anageukia ubao. Katika kipindi kimoja nilihesabu maswali yaliyoelekezwa kwa mwanafunzi kwa jina: yalikuwa tisa, na sita yalimwendea yeye, katika darasa la watoto 78. Daftari lake lilikuwa limepigwa mstari mmoja wa wino mwekundu na tarehe pembeni. Hakukuwa na vema wala kosa wala alama. Ya wenzake yamejaa vema mpaka yanachosha macho.

Na viboko vilikuwepo. Hapa niseme jambo ambalo walimu wengi tunalijua nusunusu. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kila adhabu iandikwe kitabuni: jina, kosa, idadi ya viboko, aliyechapa. Shule nilizopitia kabla ya hii, kitabu hicho kilikuwa kinakaa kabatini kisafi kama siku kilipotoka dukani. Mkuu wetu wa shule ni mwanamke wa utaratibu, na kwake kaunta buku jekundu linaandikwa kweli. Ndiyo maana kisa hiki kinachambulika. Kwingineko kingebaki maneno ya mtoto dhidi ya maneno ya mwalimu.

Nilianza na kijana. Alikuwa na maelezo yake tayari, tena mazuri. Wiki ya pili ya Mei, Pai alikuwa anatatua mlinganyo ubaoni, akavusha namba upande wa pili bila kugeuza alama ya kutoa. Kijana akanyoosha mkono: "Mwalimu, hapo juu alama." Pai akatazama, akafuta, akarekebisha. Darasa likaguna kidogo. "Tangu siku hiyo," kijana aliniambia, "sina raha."

Darasa zima lilikuwa linaamini hivyo, nami niliamini kwa siku mbili. Ni maelezo yanayoingia akilini kwa urahisi, kwa sababu kila mmoja wetu aliwahi kuwa na mwalimu asiyependa kusahihishwa. Isitoshe yanampa mtoto heshima: anateswa kwa sababu alikuwa sahihi.

Siku ya tatu nilifungua kaunta buku. Jina la kijana lilikuwemo mara kumi na tatu, na aliyechapa ni mtu mmoja. Niliziandika tarehe kwenye karatasi: Februari 20, 21 na 22. Machi 21 na 22. Mei 17, 18 na 19. Julai 17 na 18. Agosti 15, 16 na 17. Makosa yalikuwa kuchelewa, kusinzia darasani, na mara mbili "uchafu wa mwili". Februari ilitangulia ubao kwa karibu miezi mitatu. Kijana alikuwa anasema kweli jinsi alivyoikumbuka. Kumbukumbu yake ilikuwa imetafuta tukio linaloweza kubeba uzito wa alichokuwa anapitia, ikalipata la Mei.

Kitu cha pili kilichoniumiza kichwa ni zamu. Anayeshughulika na wachelewaji ni mwalimu wa zamu, na katika wiki hizo tano Pai alikuwa zamu wiki moja tu. Mara nyingine zote alikuwa amekwenda getini kwa hiari yake.

Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe, nazisoma tarehe hizo kwa sauti kama mtu anayetafuta wimbo. Mlinzi wetu ni mzee aliyestaafu bahari, si ajira. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, hizo ni giza."

Nikamwomba anieleze, naye alinieleza kama anavyoelezwa mtoto mdogo. Dagaa hufuata mwanga. Mashua hutoka usiku na taa, zamani karabai, siku hizi za betri, dagaa wanakusanyika chini ya taa, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote inang'aa, taa haina kazi, dagaa wametawanyika. Kwa hiyo wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi na hutoka siku za giza, mwezi unapokuwa unakwisha na mwingine unaandama. Akanihesabia kwa vidole. Ile ya Machi ndiyo kuamkia Ramadhani. Ya Mei, mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unakwisha. Ya Julai, mfungo tatu unatoka na mfungo nne unaingia. Aprili haimo kwa kuwa giza lake liliangukia kumi la mwisho la Ramadhani na Idi, watu walipandisha vyombo. Juni ilikuwa likizo.

Miaka mitano nafundisha kwenye shule ambayo kalenda yake ya kweli iko mbinguni, na mimi natazama ile ya wizara.

Basi kijana alikuwa baharia. Anakesha, anafika shule jua limepanda, magamba yamekauka kwenye vidole, anasinzia. Ningeweza kuishia hapo na kuandika kwamba mwanafunzi anaadhibiwa kwa makosa halisi, ukali unalingana na utoro, mzazi ashauriwe. Taarifa za namna hiyo nimeandika nyingi. Lakini mlinzi hakuwa amemaliza. "Hao wenzake nao je?" akaniuliza. "Mbona wako watatu?"

Walikuwa watatu kweli, darasa moja, diko moja la kushushia samaki, siku zilezile. Nikarudi kwenye rejesta ya mahudhurio, nikakuta wale wawili wengine wamechelewa tarehe zilezile au hawakufika kabisa. Kwenye kaunta buku majina yao hayamo. Na hapo nikakumbuka kitu nilichokiona darasani bila kukiona. Mmoja wao alikuwa amelala fofofo, kichwa juu ya dawati, na Pai alipopita pembeni yake akisahihisha madaftari alinyata, kama mtu anayempita aliyelala msikitini. Hatua nne mbele alifika dirishani, akagonga dawati la kijana wetu kwa rula.

Kuanzia hapo swali langu lilibadilika. Mwalimu kuwa mkali kwa mtoto anayechelewa si jambo la kutafutiwa sababu. Ukali huu ulikuwa umechagua mtu mmoja kati ya watatu wenye kosa moja, na sababu ya kuchagua ndiyo niliyoitaka.

Nilimwendea Pai mwenyewe. Kwanza alinipa msamiati wetu wa kazi: "namjenga", "namkomaza", "namnyoosha angali mbichi". Walimu tuna maneno haya mengi, yote ya fundi na mbao, na tukiyasema mazungumzo hufungwa. Nikamwuliza kuhusu wale wawili. Alikaa kimya, akafunga kofia ya kalamu.

"Wale wameshakwenda, mwalimu mwenzangu. Imebaki miili."

"Na huyu?"

"Huyu bado." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Watu mnadhani namchukia. Ningemchukia ningemwacha alale."

Nilipomsimulia makamu mkuu wa shule alipiga meza kwa furaha. "Umeona? Anampenda! Mti wenye matunda ndio upigwao mawe." Na kweli, kijana ndiye kichwa cha darasa lile katika Hesabu. Kuna jingine lililoonekana kumuunga mkono makamu. Nyuma kabisa ya daftari la kijana, kurasa za mwisho, nilikuta maswali kwa mwandiko wa Pai, mawili matatu kila wiki, magumu, mengine ya kidato cha tano. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa nayo. Pai alikuwa anakaa usiku kumtungia mtoto mmoja hesabu zake peke yake.

Lakini nilimwuliza kijana maswali yale ni ya nini. Akashangaa kwamba sijui. "Ananipa ambazo hatujafundishwa, ili nishindwe."

Methali ya makamu haikunikaa sawa tangu alipoitamka. Anayeurushia mti mawe anataka matunda. Mti wenyewe hajauwaza. Na mapenzi ambayo anayepewa anayasoma kama mtego yanamfaa nani? Barua imeandikwa kwa mwandiko ambao mwenyewe tu ndiye anayeweza kuusoma, kisha anamlaumu mpokeaji kwa kutojibu. Nilihisi pia kwamba neno "anampenda" linatumika stafu kwa kazi maalumu, ya kuwafanya wengine wetu tuache kuuliza.

Jumamosi nilikwenda diko. Nilimtaka nahodha wa mashua inayomchukua kijana, nikiwa nimejiandaa kumsomea sheria ya ajira ya watoto. Nilimkuta kwenye kivuli cha mkungu, anashona wavu, mtu wa miaka 36 hivi, ana mabega ya kazi na macho ya utani. Nilipojitambulisha na kutaja shule alicheka.

"Kumbe unatoka kwa kaka. Hajambo?"

Hata hilo sikulijua. Pai na nahodha ni baba mmoja mama mmoja. Stafu nzima tuliokaa naye miaka mitano, hakuna aliyejua kwamba ana ndugu hapo, kilomita chache kutoka shuleni.

Nahodha alinisimulia bila kusita, mikono ikiendelea na sindano ya wavu. Baba yao alifariki wakati kaka amechaguliwa kidato cha tano na yeye yuko kidato cha tatu. Nyakati hizo, kabla ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016, shule za serikali zilikuwa na ada, shilingi 20,000 kwa mwaka kutwa na 70,000 bweni, na juu ya hizo michango, godoro, nauli, sare. Kwa anayepokea mshahara ni fedha ndogo. Kwa mjane wa mvuvi zilikuwa fedha za kuchagulia mtoto.

"Tulikaa na mama, tukapiga hesabu. Mwenye Hesabu kichwani nilikuwa mimi, muulize mwenyewe hatakataa. Lakini yeye mkubwa, na kachaguliwa keshachaguliwa. Nikasema basi mimi nitakwenda na chombo msimu mmoja." Akakata uzi kwa meno. "Msimu mmoja huo ndio huu hapa."

Miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita ililipwa kwa dagaa. Nahodha alilisema hilo bila kisasi, wala hakuwa na sababu ya kisasi. Ana mashua yake, ana nyumba ya matofali, na mwaka uliotangulia kaka alimkopa fedha za bati. "Sasa hali dagaa," alisema akicheka tena. "Mwambie dagaa ndio waliomsomesha."

Kuhusu kijana hakujitetea sana. Alisema hamlazimishi, mama yake anajua, usiku mzuri fungu la baharia linafika elfu kumi na tano na usiku mbaya ni chai na mkate. Alipokuwa anainuka alisema jambo moja la mwisho, kama si la muhimu: "Yule mtoto ana kichwa kama changu."

Nirudi sasa kwenye swali. Kuna sababu tatu zinazowezekana, na nilizipima kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ningezipima.

Ya kwanza ni hofu: Pai anaogopa bahari isimchukue mtoto mwingine mwenye akili. Hii ndiyo ya heshima zaidi na ndiyo angeichagua yeye. Inanipa shida kwa sababu ya maneno yake. Katika vipindi vinne na mazungumzo yetu marefu, hakutaja hata mara moja hatari ya baharini, wala upepo wa kusi, wala watu waliozama, wala wanaovua kwa baruti na kuacha viganja huko, ingawa pwani hii ya Tanga ina simulizi za baruti za kutosha. Kejeli zake zote zilikuwa juu ya kazi yenyewe: harufu, tanga, unahodha, "hawaulizi". Mtu anayekuhofia bahari hukutajia mawimbi. Pai alikuwa anaidharau kazi iliyomlisha, na alihitaji darasa liidharau pamoja naye.

Ya pili ni wivu. Pai aliingia ualimu katikati ya miaka ya 2000, wakati shule za kata zilipokuwa zinafunguliwa kwa kasi chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, na walimu hawakutosha. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Mitaani wakabatizwa Voda Fasta, kwa jina la ile huduma ya kuongezewa salio papo kwa papo. Waliokuwa stafu miaka ile wanajua jinsi jina hilo lilivyotumika: chai inamiminwa, mtu anasema "tumwachie Voda Fasta makombo", watu wanacheka. Pai alikuwa na miaka 21. Alijisomesha polepole kupitia Chuo Kikuu Huria mpaka shahada, huku anafundisha. Kila hatua ya heshima yake ameilipia. Halafu mdogo wake aliyeacha shule anamkopesha bati. Siwezi kusema wivu haupo. Lakini wivu ungemfanya amkwepe nahodha, kama alivyomkwepa kwelikweli. Usingemfikisha getini asubuhi kumngoja mtoto wa watu.

Ninayoiegemea ni ya tatu, deni. Nyumba ile ilipiga hesabu moja, ikatoa mwenye kichwa ili abaki mkubwa. Pai ameishi maisha yake yote akijaribu kuthibitisha kwamba jibu lilikuwa sahihi. Ili liwe sahihi, lazima shule iwe juu na bahari iwe chini, na umbali kati yake uwe mkubwa. Wale wavulana wawili wanaolala darasani hawaigusi hesabu hiyo, maana hata wakienda baharini hakuna kilichopotea, kwa macho yake. Kijana wa dirishani anaifungua upya kila mwezi unapokwisha. Ana umri uleule, kidato kilekile, kichwa kilekile, na anapanda chombo cha mtu yuleyule. Kumfokea mdogo wake Pai hawezi, mdogo aliyemlipia godoro la bweni. Baharia wa mdogo wake anaweza.

Kilichofanya ukali uongezeke kinaelezwa na kitu cha kawaida zaidi. Kwenye kaunta buku Februari ni kiboko kimoja kila siku, Machi viwili, Mei viwili, Julai vitatu, Agosti vinne, kikomo cha kanuni. Kosa halikukua, ni kuchelewa kulekule. Mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger aliandika mwaka 1957 kwamba mtu akitenda jambo lisilopatana na anavyojiona mwenyewe, hakai kwa raha mpaka kimojawapo kibadilike, na rahisi kubadilisha ni maelezo. Pai anajiona mwalimu wa haki. Mwalimu wa haki amemwaibisha mtoto mbele ya watu 77. Basi mtoto lazima awe anastahili, na akistahili cha jana, cha leo kitakuwa kidogo. Nadhani lile daftari lisilo na vema liko hapa pia. Kuweka vema kungekuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Mkuu wa shule aliiondoa ile ruhusa ya maandishi, kwa barua ya mistari mitatu, bila kumwita kwenye kikao. Nilipenda hilo: kanuni ileile iliyomlinda Pai miezi sita ndiyo iliyomzuia. Kijana akarudishwa dawati lake la zamani. Nahodha alikubali kumchukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, na mama akakubali kwa shingo upande, kwa kuwa giza haliji kwa kufuata Ijumaa.

Kwa Pai nilikosea. Nilimwambia nimeonana na mdogo wake, nikidhani itakuwa njia ya kumfikia. Uso wake ulifunga kama duka. Hakunisemesha wiki mbili, na ningekuwa yeye nisingenisemesha mwezi. Mtu aliyeificha habari yake miaka mitano alikuwa na haki ya kuitoa kwa mkono wake. Baada ya hapo hakuna aliyemwona kijana akiitwa nahodha darasani. Maswali ya nyuma ya daftari yaliendelea, na Oktoba kijana alinionyesha ukurasa mmoja wenye vema mbili na, chini yake, maneno "jaribu njia nyingine". Alinionyesha kwa tahadhari, kama anayeuliza kama hiki nacho ni kitu kibaya.

Mambo haya yote yalinifanya nimtazame kijana mmoja kwa miezi mitatu mfululizo. Katika California ya miaka ya 1960, watafiti Robert Rosenthal na Lenore Jacobson waliwapa walimu majina ya watoto waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakasema hawa watachanua, na matokeo waliyoyatoa 1968 yalionyesha kwamba katika madarasa ya chini watoto hao walipanda kweli kwenye kipimo cha akili. Ukubwa wa matokeo yale umebishaniwa sana tangu hapo. Mimi lililonishughulisha ni watoto ambao majina yao hayakuwemo kwenye karatasi.

Mwezi wa Novemba, nikikagua rejesta kwa jambo jingine, niliona kwamba yule mvulana ambaye Pai alimpita kwa kunyata hakuwa amekuja shule kwa siku 11. Nilimwuliza mwalimu wa darasa, akasema alidhani anaumwa. Niliwauliza wenzake, wakasema amekwenda dago, kambi ya wavuvi, upande wa Pemba na mjomba wake, tangu mwanzo wa mwezi, na begi la shule amempa mdogo wake. Nikafungua kaunta buku jekundu kutoka Januari hadi siku ile. Jina lake halikuwemo hata mara moja.